GRACE HOPPER: Mwalimu wa hisabati aliyewinda wadudu wa tarakilishi

TARAKILISHI inapogoma, fundi mzoefu hakimbilii bisibisi. Huanza kwa kujiuliza iwapo kasoro imo ndani ya chuma au imo ndani ya maagizo ambayo chuma hicho kimepewa.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko tarakilishi zote zilizoko madukani na maofisini hivi leo. Liliwasumbua kwanza watu wachache, wengine wao wakiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani wakati Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto.

Miongoni mwao alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wa miaka 37, mwenye shahada ya uzamifu katika hisabati na cheo cha luteni katika Jeshi la Wanamaji. Jina lake ni Grace Murray Hopper. Ingawa alifariki mwaka 1992, mafundi wa mataifa mengi bado huita kasoro ya programu mdudu, na kisa cha mdudu huyo kilienea duniani kupitia kinywa cha mama huyo.

Kisa chenyewe, kama itakavyobainika, kimesimuliwa visivyo mara nyingi.

Saa za kengele

Hopper alizaliwa jijini New York mnamo Desemba 9, 1906, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Babaye, Walter Murray, alikuwa wakala wa bima. Mzee huyo alikatwa miguu yote miwili kutokana na ugonjwa wa mishipa ya damu, na masaibu hayo yalimfanya ashikilie kwamba binti zake wasome na wajitegemee sawa na kaka yao.

Akiwa na umri wa miaka saba, Grace alitaka kujua ni nini hasa kinachoifanya saa ya kengele ilie. Nyumba ambamo jamaa hiyo ilipitisha likizo za kiangazi ilikuwa na saa kadhaa za aina hiyo, katika vyumba mbalimbali vya kulala. Aliifungua ya kwanza, vipuri vikamruka, akashindwa kuvirudisha. Akaifungua ya pili ili aangalizie. Nayo ikamshinda, akaiendea ya tatu.

Mama yake alipogundua yaliyokuwa yakiendelea, saa saba zilikuwa vipande. Tangu siku hiyo aliruhusiwa kuchezea saa moja tu.

Kulinganisha kifaa kibovu na kizima ndiyo mbinu ambayo mafundi hutumia hadi leo. Hutafuta mashine nyingine ya aina hiyo inayofanya kazi, wakahamisha kipuri kimoja kimoja hadi mkosaji apatikane. Tofauti ni kwamba mtoto huyo alikuwa hajajifunza kuacha walau saa moja ikiwa salama.

Alihitimu katika Chuo cha Vassar mwaka 1928 katika hisabati na fizikia, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1930 na ya uzamifu mwaka 1934. Mwaka huo wa 1930 aliolewa na msomi wa fasihi, Vincent Hopper. Hawakujaliwa mtoto, na ndoa hiyo ilivunjika rasmi mwaka 1945. Kwa zaidi ya miaka kumi alifundisha hisabati Vassar, na huenda angestaafu huko bila kujulikana nje ya ua wa chuo hicho.

Shambulizi la Japani dhidi ya kambi ya Pearl Harbor mnamo Desemba 7, 1941 lilibadilisha mambo. Babu wa mama yake Hopper alikuwa admirali, naye akataka kujiunga na Wanamaji. Alikataliwa. Umri ulikuwa umemtupa mkono, uzani wake ulikuwa chini ya kiwango kwa takriban kilo saba, na serikali ilihesabu walimu wa hisabati kuwa watu waliohitajika zaidi darasani. Hakukata tamaa. Aliomba likizo chuoni na kibali maalumu jeshini, na mnamo Desemba 1943 akaapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake. Katika mafunzo ya maafisa aliibuka wa kwanza.

Mtambo usiolala

Alitarajia kupelekwa kwenye kazi ya kuvunja siri za mawasiliano ya adui. Badala yake aliamriwa kwenda Harvard, alikofika Julai 2, 1944. Huko kulikuwa na mtambo ambao hakuwahi kuona mfano wake, wala watu wengine wengi hawakuwa wameuona.

Mtambo huo, Mark I, ulikuwa umebuniwa na Howard Aiken na kuundwa na kampuni ya IBM. Ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha mita mbili na nusu hivi, na uzani wa zaidi ya tani nne. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya vipuri 750,000 na waya za kilomita 800, umbali unaoushinda kwa mbali ule wa kutoka Nairobi hadi Mombasa. Kwa ukubwa wote huo, uliweza kujumlisha mara tatu tu kwa sekunde moja. Kuzidisha kulichukua sekunde sita hivi, na kugawa zaidi ya sekunde kumi.

Aiken, aliyekuwa kamanda mkali, hakumkaribisha kwa chai. Alimuuliza alikuwa wapi muda wote huo, akamwonyesha mtambo, kisha akampa hesabu ya kufanya na siku ya kuikamilisha. Vijana wawili waliomtangulia, Richard Bloch na Robert Campbell, walimfundisha kazi. Hopper alikuja kusimulia kwamba kabla hajafika vijana hao walikuwa wakihongana ili kila mmoja aepuke dawati lililokuwa karibu na la mwalimu mzee waliyeambiwa anakuja.

Mark I haukuwa na mfumo endeshi. Siku hizi mfumo endeshi ndio unaopanga zamu za programu, kutenga kumbukumbu na kutoa ilani mambo yanapokwenda mrama. Harvard kazi hiyo ilifanywa na binadamu. Mabaharia walikesha kwa zamu, usiku na mchana, wakibadilisha kanda, wakigeuza swichi na kuandika katika daftari kila kilichotukia pamoja na saa yake.

Maagizo ya mtambo yalitobolewa kwenye ukanda mrefu wa karatasi. Kila safu ya matundu ilikuwa agizo moja. Ilipohitajika hesabu irudiwe, ncha mbili za ukanda ziligundishwa pamoja ukawa duara. Tundu likitobolewa pasipostahili, lilizibwa kwa kipande cha karatasi. Kanda zenye viraka hivyo zimehifadhiwa hadi leo, na mtumiaji wa sasa anayeambiwa apakue kiraka cha kurekebisha programu anasikia, pengine bila kujua, mwangwi wa karatasi hizo.

Jibu lilipotoka na kasoro, ndipo kazi hasa ilipoanza. Huenda ukanda ulikuwa umechanika. Huenda tundu moja lilikosewa. Huenda rilei, yaani swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa kwa nguvu ya sumaku ya umeme, ilikuwa imeshika vumbi na kukataa kugusana. Au huenda mwanahisabati mwenyewe alikuwa amekosea kabla hata karatasi haijatobolewa.

Njia ya kuyatenganisha hayo ilikuwa kuupa mtambo swali ambalo jibu lake lilikuwa likijulikana. Ukilijibu sawasawa, shaka ilihamia kwenye maagizo. Ukikosea, watu walirudi kwenye chuma, wakipunguza eneo la kutafuta kabati baada ya kabati. Maelfu ya vipuri hayawezi kukaguliwa kimoja kimoja na vita vinaendelea.

Mambo waliyokuwa wakiyakokotoa hayakuwa mchezo. Jeshi lilitaka majedwali ya kulenga mizinga na hesabu za mawimbi ya milipuko. Mnamo Agosti 1944 mwanahisabati John von Neumann alifika na mlinganyo mgumu kuhusu mgandamizo unaoelekea ndani, na Bloch ndiye aliyeshughulika naye kwa karibu zaidi. Hakuna aliyewaambia yeye na Hopper kwamba hesabu hiyo ilihusu bomu la nyuklia, la aina ile iliyokuja kuangushwa Nagasaki mnamo Agosti 9, 1945. Walijua tu kwamba majibu yasiwe na kosa.

Aiken alimwagiza Hopper aandike kitabu cha maelezo ya mtambo. Alipojitetea kwamba hajawahi kuandika kitabu, alikumbushwa kuwa yuko jeshini. Mwaka 1946 kitabu hicho chenye zaidi ya kurasa 500 kilichapishwa. Kabla yake hapakuwa na mwongozo mkubwa wa aina hiyo ambao mgeni angeweza kuufungua ili ajifunze kuendesha tarakilishi.

Nondo wa Septemba

Sasa tuje kwa mdudu.

Baada ya vita kikundi hicho kilijenga mtambo wa pili, Mark II, uliotumia maelfu ya rilei zilizokuwa na kasi zaidi. Ulikuwa ukifanyiwa majaribio Harvard kabla ya kupelekwa katika kituo cha Wanamaji cha Dahlgren, jimboni Virginia.

Daftari la zamu la Septemba 9, 1947 linaeleza siku hiyo saa kwa saa. Mtambo uliwashwa saa mbili asubuhi na kusimamishwa saa nne. Saa tano wakaanza ukanda wa majaribio wa hesabu za pembe. Saa tisa na dakika 25 alasiri wakaanza jaribio la sehemu za kuzidisha na kujumlisha. Saa kumi kasorobo mkosaji alipatikana: rilei nambari 70 katika paneli F, na ndani yake nondo aliyekufa.

Walimtoa, wakambandika kwa utepe kwenye ukurasa wa daftari, na chini yake mtu akaandika kwa mzaha kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana. Saa kumi na moja jioni mtambo ulizimwa.

Wengi wameelezwa kwamba Hopper ndiye aliyempata nondo huyo, na kwamba siku hiyo ndipo neno mdudu lilipozaliwa kwa maana ya hitilafu. Yote mawili si kweli. Waliomtoa ni waendeshaji waliokuwa zamu. Nalo neno lilikuwa la kale. Mvumbuzi Thomas Edison alilitumia katika barua yake mwaka 1878, akizungumzia kasoro zinazojificha katika kifaa kipya. Mzaha wa daftarini usingekuwa na ladha kama waliousoma hawakuwa tayari wakiita hitilafu wadudu.

Mchango wa Hopper ulikuwa kukisimulia. Alikisimulia kwa wanafunzi, kwa maafisa na kwa waandishi wa habari kwa miaka mingi, kwa ufundi wa mtu aliyependa kuchekesha umati. Katika masimulizi yake alikitaja kuwa cha mwaka 1945. Kumbukumbu ilimhadaa, na kosa hilo likanakiliwa kitabu baada ya kitabu. Ajabu ni kwamba kisa cha kutafuta makosa chenyewe kilikuwa na kosa, nalo lilikaa muda mrefu kabla ya kutolewa.

Kitu kingine husahaulika katika kicheko hicho. Nondo alipatikana upesi kwa sababu jaribio lenye jibu linalojulikana lilikuwa likiendelea, na kwa sababu kila hatua ilikuwa imeandikwa. Bila ukanda wa majaribio na bila daftari, nondo huyo angeendelea kuharibu hesabu kwa siku kadhaa huku wanahisabati wakilaumiana.

Mwaka wa giza

Mwaka 1949 mkataba wa Hopper katika Harvard ulifikia kikomo na hakupewa nafasi ya kudumu. Alikuwa na miaka 42, hana mume wala ajira, na miaka ya kukesha kando ya mtambo ilikuwa imemwachia mazoea ya kunywa pombe kupita kiasi.

Alipata kazi jijini Philadelphia katika kampuni changa ya John Eckert na John Mauchly, lakini matatizo yalimfuata. Mnamo Novemba mwaka huo alikamatwa na polisi akiwa mlevi. Rafiki yake Edmund Berkeley, aliyekuwa amefanya kazi naye Harvard, alimwandikia barua ya kumsihi aache. Ni ukurasa ambao wasifu nyingi za mama huyo huuruka. Si vyema kuuruka, kwani kazi iliyomfanya akumbukwe aliifanya baada ya hapo.

Philadelphia alikutana na mashine iliyohesabu kwa msingi wa nane badala ya kumi. Katika hesabu hiyo nambari inayofuata 7 huandikwa 10. Ukitoa 17 kutoka 52 kwa njia ya kawaida unabaki na 35. Kwa msingi wa nane unaandika 33. Hopper aliizoea mno hivi kwamba akiba yake ya benki ikakataa kulingana na taarifa za benki mwezi baada ya mwezi. Mwishowe alimpa ndugu yake, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya benki, akague kitabu hicho. Ndugu huyo aligundua kwamba dada yake, mara nyingine, alikuwa akitoa pesa kwa msingi wa nane.

Kisa hicho alikisimulia kwa kicheko, ila kilimfunza jambo zito. Mashine ilikuwa sawa. Benki ilikuwa sawa. Kosa lilitokana na binadamu kulazimishwa kufikiri kama mashine.

Aliona jambo hilo hilo katika kunakili. Waandishi wa programu walikuwa na madaftari yaliyojaa vijisehemu vilivyokwisha kujaribiwa, kwa mfano namna ya kutafuta kipeuo au pembe. Mtu alipokihitaji kimoja alikinakili kwa mkono kutoka daftari la mwenzake, akibadilisha nambari za mahali kitakapokaa. Hapo ndipo balaa ilipoingia. Tarakimu 4 iliyoandikwa haraka ilisomwa kama alama ya pembetatu iliyomaanisha nafasi tupu. Herufi B iligeuka 13. Vijisehemu vilivyokuwa sahihi kabisa daftarini vilifika mashineni vikiwa vibovu.

Wengine wangedai uangalifu zaidi. Hopper aliamua kwamba mtu anayekosea katika kunakili aondolewe katika kunakili. Ikiwa kazi hiyo ina kanuni, mashine yenyewe na iifanye.

Kati ya 1951 na 1952 aliandika programu aliyoiita A-0 kwa ajili ya tarakilishi ya UNIVAC. Mwandishi alitaja vijisehemu alivyovitaka, na A-0 ikavitafuta katika ukanda wa sumaku, ikavipanga na kuviunganisha, ikarekebisha nambari zote na kutoa programu iliyo tayari. Mnamo Mei 1952 alieleza kazi hiyo katika mkutano wa wataalamu mjini Pittsburgh. Alisema baadaye kwamba kwa muda mrefu watu hawakutaka hata kuigusa, kwani kila mtu alijua kuwa tarakilishi hufanya hesabu tu, haiandiki programu.

Mwaka huo huo UNIVAC ilitoa funzo lingine la utafutaji wa hitilafu, ingawa Hopper hakuhusika nalo. Usiku wa uchaguzi wa rais, kituo cha televisheni cha CBS kiliitumia kutabiri mshindi. Mapema tu ilisema kwamba Dwight Eisenhower angeshinda kwa kishindo, jambo ambalo wachunguzi wa maoni hawakulitarajia. Watu wakaamini mashine imeharibika, utabiri ukazuiwa na hesabu zikapunguzwa makali. Matokeo yalipotimia, ilibidi hadharani ikiriwe kuwa mashine ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Kifaransa kilichowashtua wakubwa

Hopper alikwenda hatua nyingine. Makarani wa malipo na wahasibu hawakupenda alama za hisabati, na alama wasizozielewa ndizo walizozikosea. Alitaka waandike maagizo kwa maneno ya kawaida, mashine iyatafsiri.

Mnamo Januari 1955 alitayarisha programu ndogo ya kuonyesha wakubwa wa kampuni. Waliiona ikifanya kazi kwa Kiingereza. Kisha, ili kuthibitisha kwamba kwa mashine neno lolote ni ishara tu, yeye na wenzake wakabadilisha maneno yakawa ya Kifaransa, halafu ya Kijerumani.

Wakubwa walifadhaika. Hawakuweza kuelewa vipi tarakilishi ya Marekani, iliyoundwa Pennsylvania, ingefahamu Kifaransa au Kijerumani. Ilichukua muda mrefu kuwatuliza, na kundi hilo likalazimika kuahidi kwamba litatumia Kiingereza peke yake.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutua hapa kidogo. Hoja iliyokataliwa katika chumba hicho ndiyo iliyowasaidia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, walipotoa programu za ofisi zenye maandishi ya Kiswahili kwa jina Jambo OpenOffice. Mashine haijali imeamriwa kwa lugha ipi.

Lugha ya programu iliyotokana na juhudi hizo ilikuja kuitwa FLOW-MATIC. Mwaka 1959 mtaalamu mwingine wa kike, Mary Hawes, alitoa wito kwamba kampuni zote zikubaliane kuhusu lugha moja ya kibiashara, na mnamo Mei mkutano ukafanyika katika Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani. Kamati iliyoundwa, akiwemo Jean Sammet, ndiyo iliyotunga COBOL. Magazeti yamezoea kumwita Hopper mama wa COBOL. Alikuwa mshauri wa shughuli hiyo, na FLOW-MATIC ilichangia pakubwa, lakini walioikalia usiku na mchana walikuwa wengine.

Mnamo Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL iliendeshwa katika tarakilishi mbili za kampuni hasimu, RCA na Remington Rand, ikihitaji mabadiliko machache tu. Hadi wakati huo, mteja aliyebadilisha mashine alilazimika kuandika upya karibu kila kitu.

Saa iliyorudi nyuma

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa mwaka 1966, akiwa na miaka 60, kwa sababu ya umri. Haikupita hata mwaka. Mnamo Agosti 1967 aliitwa arudi kwa miezi sita kwa sababu mifumo ya mishahara na ya bohari ilikuwa imekuwa vurugu. Miezi hiyo sita ilirefuka hadi 1986.

Tatizo alilokuta lilikuwa geni. Kila kampuni ilidai kwamba inauza COBOL, ila kila moja ilikuwa na COBOL yake. Programu iliyokimbia vizuri katika meli moja iligoma katika kituo kingine, na kila muuzaji alimlaumu mwenzake. Dawa yake ilikuwa ile ile ya Harvard. Kundi lake liliandika programu za majaribio ambazo majibu yake yalijulikana, likamtaka kila muuzaji aziendeshe. Aliyeshindwa hakuwa na pa kujificha.

Katika ofisi yake ya Pentagon aliangika saa ya ukutani ambayo mishale yake ilizunguka kinyume. Ilionyesha majira sahihi kabisa. Mgeni alihitaji tu kujifunza kuisoma. Adui wake mkubwa wakati huo alikuwa yule mtu anayejibu kwamba mambo yamefanywa hivyo siku zote.

Alikuwa pia akibeba vipande vya waya vya sentimita 30 hivi. Huo ndio umbali wa mbali zaidi ambao umeme unaweza kusafiri katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja kati ya bilioni ya sekunde. Admirali aliyeuliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa alipewa waya na kuambiwa ahesabu vipande vingapi vingefika angani. Waandishi wa programu waliopoteza wakati bure walionyeshwa bunda la waya la mita 300, ambalo ni sehemu moja tu kati ya milioni ya sekunde.

Mahojiano ya televisheni ya mwaka 1983 yalimfanya ajulikane kote nchini, na mwaka huo akapandishwa cheo, cheo ambacho mwaka 1985 kilipewa jina la uadmirali. Alistaafu mnamo Agosti 14, 1986 katika sherehe iliyofanyiwa kwenye meli kongwe ya vita, USS Constitution, mjini Boston. Akiwa na miaka 79, alikuwa ndiye afisa mwenye umri mkubwa zaidi aliyekuwa kazini katika majeshi ya nchi hiyo. Hakupumzika, kampuni ya Digital ilimwajiri kuwa mshauri.

Alifariki akiwa usingizini mnamo Januari 1, 1992, mjini Arlington, akiwa na umri wa miaka 85, na akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya mji huo.

Miaka minane baadaye dunia ilitumia fedha nyingi kurekebisha programu, nyingi kati yake za COBOL, ambazo zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili na zingeuona mwaka 2000 kama 1900. Hapakuwa na kipuri kilichoungua. Tarakimu hizo zilifupishwa zamani kwa ajili ya kubana nafasi, na nafasi ilipokuwa tele hakuna aliyezirudisha. Nayo mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipowaacha mamilioni bila kazi, gavana wa New Jersey aliomba hadharani wajitokeze watu wanaoijua COBOL, kwa kuwa mifumo ya malipo ya wasio na ajira ilikuwa imezidiwa.

Daftari lenye nondo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, Washington. Meli ya kivita iliyopewa jina la Hopper ilianza kazi rasmi mwaka 1997 na kupangiwa kituo cha Pearl Harbor. Nambari iliyochorwa ubavuni mwake, kwa sadfa tu, ni 70, sawa na ya ile rilei.